Waini na msosi usio na ugali: jinsi ya kuvioanisha

Kwetu ugali ulitoka mezani mwaka juzi. Mume wangu alipima sukari majibu yakaja sio mazuri, daktari akamwambia apunguze wanga, na mimi kwa vile ndo napika nikaona siwezi kubandika sufuria mbili kila siku, moja yake moja yangu, basi tukaacha wote. Ugali ukaenda, wali ukaenda, chapati za jumapili nazo zikaenda, na hizo ndo ziliniuma kweli. Tukabaki na nyama, kuku, samaki, mayai, mboga za majani, parachichi na tui la nazi. Na glasi ya waini jumamosi jioni, hiyo tuliulizia kabisa hospitali tukaruhusiwa, ila kwa masharti ambayo ntayasema huko mbele usiyaruke.

Sasa ikawa hivi. Waini ileile tuliyozoea kunywa na wali na pweza wa nazi, tukiinywa na pweza peke yake inakuwa mbaya, yaani mbaya. Nikadhani chupa imeharibika nikanunua nyingine, ileile tena. Wifi yangu alikuwepo siku hiyo, akaonja akanitazama akaniuliza, "Wifi, hii si dawa ya kifua hii?" Ilinichukua muda kuelewa kwamba waini haikuwa na kosa, kilichobadilika ni sahani.

Hebu fikiria ugali unafanya kazi gani mdomoni. Wenyewe hauna ladha ya maana, ila unapoza pilipili, unanyonya mafuta, unapunguza chumvi, tonge moja mchuzi kidogo tonge jingine, ulimi unapata kupumzika. Wali hivyohivyo. Ukiviondoa hakuna tena msuluhishi, mchuzi wenye mafuta na chumvi na pilipili unakutana na waini uso kwa uso, na kama haviendani utajua palepale. Kwa hiyo chakula kisicho na wanga kinataka uchague waini kwa umakini kuliko mtu anayekula pilau, yeye hata akikosea pilau itamfichia aibu.

Kama hunywi pombe kwa dini au kwa sababu yoyote, hayo ya mafuta na uchachu bado yatakufaa, weka maji ya limau yenye gesi mahali pa waini nyeupe na utaona mambo ni yaleyale.

Kwanza sukari iliyomo kwenye chupa

Watu wengi wanaacha soda wanahamia waini wakidhani wamepona, kumbe wanabeba chupa iliyoandikwa Sweet Red. Waini ni juisi ya zabibu ambayo hamira imekula sukari yake ikaigeuza pombe. Hamira ikila karibu yote, hiyo ndo inaitwa dry, yaani kavu. Ikisimamishwa katikati, au wakiongeza utamu baadaye, inabaki tamu. Hesabu yake ni gramu za sukari kwa lita. Ulaya waini ya kawaida ikiandikwa dry inatakiwa isizidi gramu 4 kwa lita, inaruhusiwa kufika 9 kama uchachu wake ni mkubwa. Afrika Kusini, ambako ndo zinatoka chupa nyingi tunazokutana nazo supamaketi za huku, mwisho wa dry ni gramu 5, na ukiona Natural Sweet ujue imeanzia 20 kwenda juu.

Weka kwenye chupa ya mililita 750 upate picha. Waini ya gramu 4 kwa lita, chupa nzima ina gramu 3 za sukari, haifiki hata kijiko cha chai. Waini yenye gramu 60 kwa lita, chupa nzima ina gramu 45, hivyo ni vijiko vya chai kama kumi na moja. Umeacha ugali halafu umekunywa vijiko kumi na moja vya sukari unashangaa mashine ya kupimia inasoma nini asubuhi.

Ila usije ukadhani dry ni sifuri. Majedwali ya vyakula ya Wamarekani yanaipa glasi ya mililita 150 ya waini kavu, nyekundu au nyeupe, wanga kama gramu 4, kwa sababu mle ndani kuna vitu vingine zaidi ya sukari. Bado ni kidogo, wali uliopikwa gramu 100 tu una wanga kama gramu 28, na nani anakula wali gramu 100. Kalori ndo nyingine, glasi hiyo ina kama 120 na nyingi zinatoka kwenye pombe yenyewe. Halafu ini likiona pombe linaacha kazi zote linashughulika nayo kwanza, mafuta ya mwilini yanasubiri foleni. Kwa hiyo kama lengo lako ni kupungua kilo, chupa nzima ya dry haikusaidii hata kama sukari haimo.

Dukani soma hivi. Tafuta neno Dry, au Sec kwa za Kifaransa, au Seco kwa za Kihispania. Za mapovu ndo zinachanganya watu, kule Brut ndo kavu, yaani chini ya gramu 12 kwa lita, Brut Nature kavu zaidi haifiki hata 3, lakini Extra Dry ina gramu 12 mpaka 17, ni tamu kuliko Brut pamoja na jina lake lote, na Demi-Sec inaanza 32 mpaka 50, hiyo ni ya keki. Lebo isiposema kitu angalia asilimia ya pombe. Ikiwa 7 au 8 na kidogo mara nyingi sukari imebaki humo, haikuliwa. Ikiwa 12 mpaka 14 mara nyingi ni kavu. Zikifika 16 na kupanda hapo tahadhari tena, hizo kawaida zimeongezewa pombe kali na nyingi ni tamu balaa, Port kwa mfano ina sukari kama gramu 100 kwa lita.

Kitu kingine, harufu ya matunda sio utamu. Kuna waini inanukia embe na nanasi ukasema hii tamu hii, kumbe kavu kabisa. Ziba pua kwa vidole, onja kidogo, ulimi ukikwambia utamu basi upo kweli, usipokwambia ilikuwa pua inakudanganya. Mi nilifanya hivyo mbele ya watu kwenye harusi wakanicheka, ila nilijua nakunywa nini.

Jaribio la dakika tano, lifanye kabla hujapika

Mimina waini yoyote kavu kwenye glasi. Weka kisahani chenye kipande cha limau, chumvi kidogo, kipande cha embe bivu na kipilipili. Onja waini ilivyo. Halafu lamba limau na chumvi, onja tena, utaona waini imekuwa laini, ule ukali umeshuka. Sasa kula embe halafu onja, mama yangu, inakuwa chachu kama siki. Embe lenyewe ukilionja tu usilimalize, lina sukari. Mwisho pilipili, onja, utasikia moto unapanda zaidi, maana pombe inauchochea.

Sheria karibu zote zimo kwenye hicho kisahani. Chumvi na uchachu wa chakula vinailainisha waini, utamu wa chakula unaifanya kali, pilipili inaifanya iwake. Bado mafuta, na mafuta yanataka kitu cha kuyakata, aidha uchachu, aidha mapovu, aidha ukakasi. Ukakasi ni ile hali ya kukausha ulimi na fizi, kama umekula bibo au umekunywa chai ya rangi iliyochemka mpaka ikawa nyeusi. Waini nyekundu inaupata kwenye maganda na mbegu za zabibu, wenyewe wanaita tanini, na inapenda kushikana na protini. Ukiwa na nyama yenye mafuta mdomoni tanini inashika ile nyama inaacha ulimi wako salama. Ukiwa huna kitu mdomoni inashika mate yako, ndo maana unakauka.

Nyama choma, na kosa linalofanywa na karibu kila mtu

Kila mtu atakwambia nyama choma na Cabernet Sauvignon, ile nyekundu yenye ukakasi mwingi, na kwa Mfaransa anayekula nyama inayotoa damu ni kweli. Sisi nyama tunaiivisha. Mbuzi wa huku anachomwa mpaka maji yote yameisha, na mimi ndivyo ninavyoipenda siombi radhi, lakini nyama iliyokauka ukiiwekea waini yenye ukakasi mwingi unapata ukavu juu ya ukavu, na ugali wa kulainisha haupo. Kwa hiyo chukua nyekundu laini zaidi. Merlot inafaa. Pinotage nayo nzuri, zabibu ya Afrika Kusini hasa, Profesa Abraham Perold aliitengeneza mwaka 1925 kwa kuchanganya Pinot Noir na Cinsault, na nyingi zina ka-harufu ka moshi ambako kwenye jiko la mkaa kanakaa kwao kabisa. Shiraz pia, ina harufu ya pilipili manga, kama umepaka nyama pilipili manga na kitunguu swaumu hapo umemaliza.

Acha mafuta kwenye nyama, usiyakate. Kwenye hivi vyakula vyetu mafuta yanaruhusiwa, na ndo hayo yanayoishika tanini. Mbavu zinakubali waini nyekundu kuliko steki isiyo na mafuta. Chumvi nayo iwe ya kutosha maana inapunguza uchungu.

Kachumbari ndo pabaya. Limau nyingi na kitunguu kibichi na pilipili mbuzi, ukila kijiko halafu unywe nyekundu, nyekundu inaanguka chini, inakuwa kama maji yenye kutu. Mi nafanya hivi, kachumbari naifanya na parachichi, limau kidogo, na pilipili inakaa pembeni kwenye kisahani chake, anayetaka kufa afe mwenyewe. Kama wewe kachumbari yako lazima iwe kali basi achana na nyekundu, kunywa rosé kavu, ile waini ya pinki, iliyopoa sana.

Kitimoto ni mlango mwingine. Hapa Dar kitimoto ya kukaanga inakuja na ndizi, ndizi zitoe, baki na nyama, kabichi, limau na pilipili. Mafuta mengi, chumvi nyingi, limau ipo, yaani waini nyeupe chachu au yenye mapovu inakuwa nyumbani. Brut iliyopoa na kitimoto kavu, usimwambie mtu. Povu linasugua mafuta kwenye ulimi na kila kipande kinakuwa kama cha kwanza, ambayo ni hatari pia maana unakula sana.

Maini ya kukaanga na vitunguu, Merlot. Ila vitunguu usivikaange mpaka vikawa vya dhahabu na vitamu, kwanza vinaongeza sukari, pili vinaichachua waini. Makongoro na supu mimi siwekei waini, supu na waini ni maji juu ya maji, subiri umalize.

Nazi

Hapa ndo nilipoteza chupa nyingi. Tui lina utamu wake wa asili, sio mwingi, ila ulimi unausikia, na lina mafuta yanayopaka mdomo mzima. Sauvignon Blanc kali, ile nyeupe chachu, ukiiweka na tui zito inakuwa kama umemwagia maji ya limau kwenye maziwa. Nyekundu ndo usiseme, nazi inaamsha uchungu. Jibu nililolipata ni Chenin Blanc, nyeupe nyingine. Ina uchachu wa kutosha kukata mafuta lakini ina mwili, yaani uzito fulani mdomoni, harufu ya pera na asali hata ikiwa kavu, kwa hiyo haigombani na tui. Na inapatikana kirahisi kwa sababu ndo zabibu iliyopandwa kwa wingi kuliko zote Afrika Kusini, wenyewe kule walizoea kuiita Steen. Ila hakikisha imeandikwa Dry, maana Chenin inatengenezwa kila namna mpaka tamu kabisa.

Kuku wa kupaka nafanya hivi. Kuku anapigwa kitunguu swaumu, tangawizi, chumvi na limau, analala usiku kwenye friji. Anachomwa mkaani nusu tu. Tui zito la kwanza nalipika pembeni na binzari na pilipili moja nzima isiyopasuliwa, hiyo inatoa harufu bila kuwasha, linapikwa mpaka linakuwa zito lenyewe, usitie unga wa kuzidisha uzito. Halafu kuku anarudi jikoni mkaani unampaka tui kidogokidogo linaungulia juu yake. Limau nakamulia mwisho, na hapa ndo siri yenyewe, limau ya mwisho inafanya chakula kiwe chachu kidogo kuifikia waini. Kanuni ni kwamba waini isizidiwe uchachu na chakula, wala isikizidi mno, vikiwa karibu karibu vinatulia.

Pa wali naweka koliflawa iliyokwaruzwa ikakaangwa dakika tatu na chumvi, ina wanga kama gramu 5 kwa gramu 100. Siku koliflawa ina bei ya kuchekesha naweka kabichi iliyokatwa nyembamba kama uzi, ikakaangwa haraka isilegee. Sio wali. Tusidanganyane, sio wali, lakini inashika mchuzi.

Pweza wa nazi na kamba wa nazi ni Chenin hiyohiyo. Kisamvu cha nazi na karanga pia, ila karanga kiasi, zina wanga zikizidi.

Samaki na mboga

Changu wa kukaanga bila unga, ngozi ikakauka vizuri, chumvi na limau, hapo sasa Sauvignon Blanc ndo yenyewe. Samaki wa mafuta kama kibua, na dagaa pia, weka mbali na nyekundu. Ile ladha ya chuma unayoisikia mdomoni sio uongo, watafiti wa Japani walichapisha mwaka 2009 kwamba madini ya chuma yaliyomo kwenye baadhi ya waini nyekundu ndo yanayoamsha shombo ya samaki. Dagaa wa kukaanga wakakauka na pilipili kidogo, kunywa Brut. Najua inachekesha, dagaa na waini ya mapovu, jaribu kwanza halafu ndo ucheke.

Mchicha, matembele, majani ya maboga, Sauvignon Blanc tena, ina harufu ya majani mabichi inafanana na mboga yenyewe. Nyanya chungu na mlenda angalia, uchungu wa nyanya chungu ukikutana na ukakasi wa nyekundu unapata uchungu mara mbili, weka nyeupe. Bamia haina matatizo na mtu.

Mayai yanasumbua, kiini kinapaka ulimi waini haipiti. Omleti ya jibini na uyoga, kitu chochote chenye mapovu.

Pilipili, kwenye huu ulaji ina shida yake

Wataalamu wa waini wakikutana na chakula kikali wanakushauri waini yenye utamu kidogo, na ni kweli utamu unapoza moto. Sasa sisi utamu ndo tumeukimbia na ugali wa kupoza hatuna. Kilichobaki ni kushusha pombe na kushusha joto la chupa. Tafuta ya asilimia 11 au 12, epuka zile za 14 na nusu, iweke ipoe sana, na pilipili iwe ya kuongeza mezani sio ya kupikia. Au tia parachichi, au mtindi mzito usio na sukari pembeni, mafuta yake yanapoza.

Za Dodoma

Siwezi kumaliza bila nyumbani. Dodoma ipo juu kama mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, kuna jua kali na ukavu, na mzabibu kule unavunwa mara mbili kwa mwaka wakati Ulaya wanavuna mara moja. Zabibu zilifika na wamisionari, na leo kuna wakulima wengi wadogo kule Hombolo, Makutupora na vijiji vingine wanaishi kwa hilo zao. Shida yetu sisi wa ulaji huu ni kwamba zile maarufu mtaani nyingi ni tamu. Dompo kwa mfano watu wanaipenda kwa utamu wake na hiyo ndo kazi yake, sio ya kwetu. Lakini kavu za Dodoma zipo, nyekundu na nyeupe, muulize muuzaji akupe iliyoandikwa Dry usikubali akakwambia zote sawa. Nyeupe kavu ya Dodoma na kuku choma, nyekundu na mbuzi, na jua la kule linaivisha zabibu sana kwa hiyo uchachu unaweza kuwa mdogo, ipoze zaidi ya unavyopoza za nje itachangamka.

Joto la chupa

Wanasema nyekundu inywewe joto la chumbani, chumba hicho ni cha Ulaya cha nyuzi 16 mpaka 18. Sebule ya Kinondoni mwezi wa pili ina nyuzi 30 na kitu, nyekundu hapo inanuka pombe tupu. Iweke friji nusu saa kabla ya kula. Nyeupe na rosé nyuzi 8 mpaka 12, itoe friji dakika kumi kabla. Za mapovu baridi kabisa, 6 mpaka 8. Umeme ukikatika, na utakatika, chukua ndoo, barafu, maji, na chumvi kiganja kizima, chupa inapoa kwa kama dakika ishirini. Barafu bila maji haifanyi kazi vizuri maana haigusi chupa yote.

Masharti niliyosema

Kwanza kula ndo unywe. Chakula kinachelewesha pombe kuingia kwenye damu, na sisi ambao hatuna wanga tumboni tunalewa upesi, mi mwenyewe glasi moja sasa hivi ni kama mbili za zamani. Pima glasi, mililita 150, chupa moja glasi tano, zile glasi kubwa za harusini zinameza nusu chupa hujajua.

Pili, na hili ni zito, kama unatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari kama glibenclamide, pombe inazuia ini kutoa sukari ya akiba, na wewe wanga hujala, sukari inaweza kushuka vibaya usiku umelala, na dalili zake mtu anadhani umelewa tu. Mwenye metformin naye pombe nyingi ni hatari kwake. Muulize daktari wako kwa jina la dawa yako, usiulize shemeji. Mjamzito asinywe kabisa, dereva asinywe. Na kama hukuwa unakunywa usianze kwa sababu ya hii makala, WHO walishasema mwaka 2023 hakuna kiwango cha pombe ambacho unaweza kusema hakina madhara kwa afya. Sisi tunakunywa moja jumamosi kwa sababu tunaipenda, wala sio dawa ya moyo.

Iliyobaki

Watu wawili glasi moja moja, chupa inabaki na glasi tatu. Irudishie kizibo, iweke friji hata kama ni nyekundu, inakaa siku tatu mpaka tano, za mapovu siku moja mbili. Ikishapita hapo mi naimimina kwenye trei za barafu naigandisha, kipande kimoja au viwili kwenye rosti la nyama au maini vinatoa mchuzi mzuri bila unga wala nyanya ya kopo. Ila ukipikia wageni wasiokunywa waambie, usijifariji kwamba pombe imeruka yote. Vipimo vya Wamarekani vinaonyesha ukichemsha dakika 15 bado asilimia kama 40 ipo, saa nzima inabaki 25. Mama mkwe wangu ni Muislamu safi, sufuria yake mimi siigusishi.

Na trei iandike. Yangu haikuwa na alama, mtoto wa wifi akaja na jagi la juisi ya ukwaju anatafuta barafu, nilimkuta keshashika vipande viwili vyekundu anauliza shangazi hii ni ya zabibu?